Jumuiya Ndogo Ndogo: Historia ya Kanisa la Nyumbani

Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ni kundi la familia jirani za Kikatoliki, mara nyingi kati ya kumi na thelathini, zinazokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao kusali, kusoma Injili na kujuliana hali. Nchini Tanzania na Kenya, hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya Kanisa: jumuiya kadhaa huunda kigango au kanda, vigango huunda parokia, na parokia huunda jimbo. Kwenye karatasi ni ngazi ya utawala kama nyingine. Katika maisha ya watu ni pale mtu anapouguzwa, anapochangiwa na anapoombolezewa. Historia yake ni ya mpango wa maaskofu ambao waumini waliupokea, kisha wakaugeuza ufae shida zao.

Desturi yenyewe ya kukutana nyumbani ni kongwe kuliko mpango. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Buganda mwaka 1879, na Novemba 1882 wakalazimika kuondoka kwenda Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria. Waliacha nyuma Wakristo wachache, wengi wao wakiwa bado wanafunzi wa dini. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri hata mmoja. Waumini waligawana kazi: Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaangalia vijana waliotumikia ikulu ya kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Andrea Kaggwa akafundisha nyumbani kwake, na kule Mityana, Matia Mulumba na Noa Mawaggali wakakusanya majirani kusali na kujifunza. Mapadri waliporudi Julai 1885 walikuta waumini wameongezeka. Baada ya miezi michache mateso ya Kabaka Mwanga yakaanza, na wote wanne waliotajwa hapa waliuawa kati ya Novemba 1885 na Juni 1886. Leo wanakumbukwa kama mashahidi, na ni haki yao. Lakini kazi waliyoifanya katika ile miaka mitatu, ya kulea Kanisa ndani ya nyumba za watu, hutajwa mara chache mno.

Enzi ya ukoloni ilileta utaratibu mwingine. Misheni ilikuwa na kanisa kubwa, shule, zahanati na shamba, na kuizunguka kulikuwa na vigango vilivyotawanyika kwa maili nyingi. Padri alikizungukia kigango baada ya wiki kadhaa, au miezi. Siku nyingine zote mzigo ulikuwa wa katekista. Yeye ndiye aliyefundisha katekisimu, akaongoza ibada ya Jumapili, akabatiza waliokuwa mahututi na kuzika wafu. Mpango huo uliongeza idadi ya Wakristo kwa kasi, ila ulikuwa na kasoro iliyoonekana baadaye. Kadiri parokia zilivyokua, muumini alizidi kuwa jina ndani ya daftari la ubatizo. Jumapili alikaa kwenye benchi karibu na watu asiowajua, na siku mtoto wake alipougua alikwenda kutafuta msaada kwingine.

Wengi waliupata katika makanisa huru. Mwaka 1963, huko Nyanza nchini Kenya, Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko walianzisha Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki likaenea haraka miongoni mwa Wajaluo, likavuka mpaka hadi upande wa Tanganyika. Waliolihamia hawakuwa wamechoka na rozari wala na Bikira Maria, maana vyote viwili walikwenda navyo. Walichokitafuta kilikuwa kuombewa wakiugua, kusikilizwa wakiota ndoto mbaya, na kuwa na watu wa kuwaita ndugu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 mtafiti Marie-France Perrin Jassy aliyachunguza makanisa huru ya Wajaluo wa Mara Kaskazini nchini Tanzania, karibu na misheni za shirika la wamisionari la Maryknoll. Alionyesha kwamba nguvu ya makanisa hayo ilikaa katika udogo wake: watu walifahamiana, kila mmoja alikuwa na kazi, na shida ya mmoja ilijulikana kwa wote siku hiyo hiyo. Mapadri wa parokia za Nyarombo, Ingri na Masonga wakaanza kuwakusanya Wakatoliki katika vikundi vya namna hiyo. Kwa hiyo jumuiya za kwanza za Tanzania zilizaliwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na somo walilolipata mapadri kwa Wakristo waliokuwa wamewakimbia. Hati rasmi hazipendi kulisema hilo waziwazi.

Kongo ilikuwa imetangulia kwa maneno. Mwaka 1961, nchi ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru na ghasia zikiwa zimetapakaa, maaskofu wa huko waliamua kwamba uchungaji utegemee jumuiya hai za Kikristo badala ya misheni yenye majengo na shule. Uamuzi huo ulikuwa na hekima ya dharura. Majengo huchomwa na shule hutaifishwa. Familia kumi zinazosali pamoja ni vigumu kuzitaifisha. Jambo hilo lilidhihirika baada ya 1971, Rais Mobutu alipoanza kubana Kanisa kwa jina la uhalisia wa Kiafrika, akapiga marufuku vyama vya vijana wa dini na kumlazimisha Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa kuishi uhamishoni kwa muda. Mashariki mwa Kongo, wasemaji wa Kiswahili huiita jumuiya ya namna hii shirika, na mashirika hayo yaliendelea kukutana hata pale vyama vikubwa vilipofungiwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa Roma kuanzia 1962 hadi 1965, uliyapa mambo haya msingi wa kiteolojia kwa kuliita Kanisa taifa la Mungu na kuruhusu misa kwa lugha za wenyeji. Mabadiliko ya lugha yalikuwa na matokeo makubwa kuliko ilivyotarajiwa. Mwanamke wa kijijini aliyekuwa akiitikia Kilatini bila kukielewa sasa alisikia masomo kwa Kiswahili, na akisikia anaweza kutoa neno lake. Bila hatua hiyo, mkutano wa kushirikishana Injili sebuleni usingewezekana.

Uamuzi wa kanda nzima ulifanyika Nairobi. Desemba 1973 shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, AMECEA, lilikutana kupanga maisha ya Kanisa katika miaka ya 1980, na likakubaliana kwamba maisha hayo yajengwe juu ya jumuiya za mahali watu wanapoishi na kufanya kazi kila siku. Mwaka 1976, tena Nairobi, ujenzi wa jumuiya hizo ulitangazwa kuwa kipaumbele cha uchungaji kwa nchi zote wanachama, na mwaka 1979 maaskofu walikutana Zomba, Malawi, kupima walikofika. Palikuwa na sababu ya imani katika uamuzi huo, na palikuwa na hesabu pia: mapadri wazungu walikuwa wanazeeka, fedha kutoka Ulaya zilikuwa zinapungua, na idadi ya Wakristo ilikuwa inaongezeka kila mwaka.

Tanzania ilikuwa na udongo wa pekee. Azimio la Arusha, la siasa ya ujamaa, lilikuwa limetangazwa Februari 1967, na tangu katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kilikuwa kimeweka mabalozi wa nyumba kumi kumi. Mtu aliyezoea kuitwa na balozi kujadili ulinzi wa mtaa hakuona ajabu kuitwa na mwenyekiti wa jumuiya kujadili Injili ya Jumapili. Rais Julius Nyerere, Mkatoliki wa misa za alfajiri, alizungumza na watawa wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970 na kuwaambia kwamba Kanisa lisiloshiriki mapambano ya maskini litapoteza maana yake. Aliyelichukua jambo hilo kwa uzito kuliko wenzake wote alikuwa Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, jimbo la kule Ngara, aliyewekwa wakfu mwaka 1969. Yeye alijiunga na kijiji cha ujamaa, akalima na wanakijiji, na akafundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa uwe fumbo la kuwachosha wanateolojia, bali kielelezo cha watu wanaoshirikiana kila walicho nacho. Maaskofu wenzake walimheshimu. Waliomwiga walikuwa wachache. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyohamisha mamilioni ya watu na mara nyingine kwa nguvu, ilifanya wengi wasitake kusikia habari za kuishi kijamaa. Hata hivyo ilikuwa imeweka nyumba karibu karibu, na jumuiya zinahitaji ujirani.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nchini Malawi, mambo yalikuwa kinyume. Patrick Kalilombe, askofu wa Lilongwe tangu 1972, alianza kujenga jumuiya kwa bidii ile ile, lakini serikali ya Rais Kamuzu Banda iliviona vikundi vya watu wanaokutana majumbani bila ruhusa ya chama kuwa njama. Mwaka 1976 Kalilombe alilazimika kuihama nchi yake.

Mkutano wa jumuiya wenyewe una sura ambayo imebadilika kidogo sana tangu miaka hiyo. Katika miji ya Tanzania, Dar es Salaam hasa, siku ni Jumamosi na saa ni mapema, kumi na mbili au na nusu, kabla watu hawajaenda sokoni au kazini. Mwenye zamu amefagia ua tangu usiku. Meza ndogo imetandikwa kitambaa cheupe, juu yake msalaba, mshumaa na Biblia. Pembeni kuna mkeka wa watoto, benchi mbili na viti vya kuazima kwa jirani. Wimbo huanzishwa na yeyote mwenye sauti. Baada ya sala za mwanzo, Injili ya Jumapili inayokuja husomwa mara mbili, halafu kimya, halafu watu huanza kusema. Utaratibu unaofuatwa sehemu nyingi ni wa hatua saba, uliobuniwa katika taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini na mapadri Fritz Lobinger na Oswald Hirmer: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia neno lililogusa, kunyamaza, kushirikishana, kujadili kazi ya kufanya, na kusali. Hatua ya sita ndiyo hukwamisha jumuiya nyingi. Kuambiana neno lililogusa moyo ni rahisi kuliko kupanga nani atampeleka mzee wa nyumba ya tatu hospitali.

Kisha huja matangazo, na hapo ndipo jumuiya huonekana ilivyo. Katibu husoma daftari: fulani amejifungua, fulani ametoka hospitali, mtoto wa fulani amekosa karo, ndoa ya fulani itafungishwa mwezi ujao, mchango wa parokia bado haujatimia. Maombi huwa yamekwishayataja yote hayo dakika chache kabla, kwa hiyo kila anayeombewa hujulikana anapoishi. Mwisho hutajwa nyumba ya wiki inayofuata. Katika Mei, mwezi wa Bikira Maria, na Oktoba, mwezi wa rozari, na siku za Kwaresima, watu hukutana mara nyingi zaidi. Na mara moja kwa mwaka huadhimishwa sikukuu ya somo, yaani mtakatifu wa jumuiya, kwa misa na pilau. Majina yenyewe yanaeleza watu wanachohitaji. Mtakatifu Monika, mama aliyemlilia mwanawe kwa miaka, na Yuda Tadei, msimamizi wa mambo yaliyoshindikana, hupatikana mitaa mingi. Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1964, na Yosefina Bakhita, mtumwa wa kutoka Sudan aliyetangazwa mwaka 2000, wamepata jumuiya nyingi za jina lao.

Lakini shughuli iliyoipa jumuiya mizizi ni msiba. Mtu akifariki usiku, mwenyekiti hupigiwa simu kabla ya padri. Kunapopambazuka vijana wamekwisha kufunga turubai, na kina mama wamefika na ndoo, visu na masufuria makubwa. Jumuiya nyingi zimejinunulia viti vya plastiki, turubai na vyombo kwa michango ya miaka. Mwanachama huvitumia bure, na asiye mwanachama hukodishiwa. Mtu mmoja hukaa na daftari la rambirambi, mwingine hushughulikia jeneza na gari, wengine huandika historia ya marehemu itakayosomwa kanisani. Kila jioni husaliwa rozari na sala za marehemu mpaka matanga yanapoanuliwa, na jumuiya hurudi tena kwa misa ya arobaini. Faraja ya Kikristo, ambayo vitabu hueleza kwa habari za ufufuko, humfikia mfiwa kwanza kama mtu anayemsongea ugali na kumlazimisha ale. Mjini, ambako ukoo uko mbali kwa safari ya basi ya siku nzima, jumuiya ndiyo ilichukua kazi ambayo kijijini ilikuwa ya shangazi na binamu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mpango wa maaskofu kushika mijini kuliko walivyotarajia, wao waliokuwa wameuwaza zaidi kwa ajili ya vijiji.

Ugonjwa wa UKIMWI uliijaribu kazi hiyo. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda, watu walikuwa wameanza kufa. Katika miaka ya kwanza majirani walikuwa waoga kama watu wengine wote. Wapo wagonjwa waliotengwa na jumuiya zao na kuhubiriwa dhambi badala ya kupewa maji ya kunywa, na hilo halifai kufichwa. Hospitali zilipofurika, huduma ikabidi iwafuate wagonjwa nyumbani: hospitali ya Nsambya, Kampala, ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1987, PASADA ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam ilianza mwaka 1992, na mwaka 1993 mpango wa dekania ya mashariki ya Nairobi, EDARP, ulianza kuwaandaa wahudumu wa kujitolea waliotoka katika jumuiya za mitaa ya maskini. Wahudumu hao walibadili bandeji, waliogesha wagonjwa, walisali nao, na dawa za kupunguza makali zilipopatikana katika miaka ya 2000 ndio waliokumbusha saa ya kumeza. Mgonjwa aliyeshindwa kwenda kanisani aliletewa Komunyo na mtu yule yule aliyemletea uji.

Karibu wahudumu wote walikuwa wanawake, na si katika uuguzi pekee. Wanawake ndio wengi katika mkutano wa kila wiki tangu mwanzo. Wanaume hufika wachache, wakakaa karibu na mlango, na huonekana kwa wingi siku ya uchaguzi na siku ya msiba. Hata hivyo uenyekiti kwa miaka mingi ulikwenda kwa mwanamume, hata akiwa mmoja kati ya kina mama ishirini. Hali imeanza kubadilika, kwa sehemu kutokana na vyama kama WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanzishwa mwaka 1972, ambamo kina mama walijifunza kuendesha mikutano na kutunza hesabu.

Jaribu zito kuliko yote lilikuwa Rwanda. Nchi hiyo ilikuwa na Wakatoliki wengi na jumuiya zake, zinazoitwa imiryangoremezo, zilikuwa zimeenea. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliua majirani waliosali nao, na maelfu walichinjwa ndani ya makanisa yenyewe, yakiwamo ya Nyamata na Ntarama. Siku hizo hizo, kuanzia tarehe 10 Aprili, Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilikuwa Roma ikilieleza Kanisa kuwa familia ya Mungu. Waraka uliotokana nayo, ambao Papa Yohane Paulo wa Pili aliutia saini Yaoundé mwezi Septemba 1995, unazitaka jumuiya ziwe mahali pa kushinda ukabila. Rwanda ilionyesha kwamba ujirani na sala havitoshi peke yake, hasa pale jumuiya inapokwepa kuzungumza jambo ambalo kila mtu analijua. Kuelekea Jubilei ya mwaka 2000, majimbo ya Rwanda yalifanya sinodi kuhusu ukabila, na kutoka humo ikazaliwa gacaca ya Kikristo, kwa mfano wa baraza la kijadi la usuluhishi: waumini walikaa katika jumuiya zao, waliotenda wakasema walichotenda, waliotendewa wakasikilizwa, na waliokuwa wakitubu wakarudishwa hatua kwa hatua katika sakramenti. Nchini Kenya, vijitabu vya kampeni ya Kwaresima vya Tume ya Haki na Amani vimekuwa vikipeleka mezani kwa jumuiya mada za ardhi, rushwa na chaguzi. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007 mada hizo hazikuweza tena kuchukuliwa kama mazoezi.

Jumuiya zilipozeeka zilipata pia tabia za ofisi. Anayetaka mtoto wake abatizwe, anayetaka ndoa au anayetaka marehemu wake azikwe na padri huulizwa kwanza kama anashiriki jumuiya, na jibu hutolewa kwa sahihi ya mwenyekiti. Kwa padri wa parokia yenye waumini elfu kumi, sahihi hiyo ni msaada, kwa kuwa hana njia nyingine ya kuwajua. Kwa muumini asiye na fedha, ni mlango uliofungwa, maana ushiriki hupimwa mara nyingi kwa kadi ya michango: zaka, tegemeza, ujenzi, zawadi ya padri. Wapo waliozikwa bila misa kwa sababu ya madeni ya kadi, na malumbano ya aina hiyo makaburini yameharibu sifa ya jumuiya kuliko mahubiri ya makanisa mapya ya kiroho. Kosa hapa si la jumuiya kuwa na utaratibu. Ni la kuigeuza kuwa mkusanya mapato wa parokia, kazi ambayo waliokaa Nairobi mwaka 1976 hawakuitaja.

Desturi ya kukutana nyumbani si ya Wakatoliki peke yao. Walutheri wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, nao wana ibada zao za nyumba kwa nyumba, zinazofanana na jumuiya hata katika saa na siku, na mfiwa wa mtaa mmoja huweza kuimbiwa na pande zote mbili usiku mmoja. Mwaka 2020 nyumba za ibada zilipofungwa nchini Kenya kuanzia Machi kwa sababu ya korona, jumuiya nyingi zilihamia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako rozari ilisaliwa kwa sauti za kurekodi na michango ya wagonjwa ikatumwa kwa simu. Tanzania, ambayo haikufunga makanisa, ilichukua sehemu tu ya desturi hiyo. Papa Fransisko alipoanzisha safari ya sinodi mwaka 2021 na kutaka waumini wa kawaida waulizwe maoni, majimbo ya Afrika Mashariki yalipeleka maswali kwenye jumuiya, kwa kuwa mkutano wa kuwauliza ulikuwapo tayari.

Shida ya sasa ni kuhamahama. Mpangaji wa Nairobi au Dar es Salaam hubadili nyumba mara kwa mara, na katika maghorofa yenye mlinzi getini kuingia kwa watu thelathini alfajiri wakiwa na mshumaa kunahitaji kibali cha mwenye nyumba. Baadhi ya parokia zimeunda jumuiya za vyuoni na za kazini zinazokutana saa ya chakula cha mchana. Anayehama mtaa huandikiwa na mwenyekiti barua ya utambulisho, akaipeleka kwa katibu wa jumuiya ya anakohamia, naye huingizwa daftarini na kupangiwa wiki yake ya kupokea wenzake.